Le Locle: Mji wa saa na siri iliyofichwa darini

TRENI inayopanda kutoka Neuchâtel, magharibi mwa Uswisi, ikifika kituo cha Chambrelien husimama, kisha mkia unageuka kichwa na safari inaendelea upande wa pili. Mgeni asiyejua hudhani anarudishwa alikotoka. Kumbe mlima ni mkali, na reli inaupanda kwa kupinda namna hiyo.

Huko juu, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ipo miji miwili jirani, La Chaux-de-Fonds na Le Locle, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Sababu si kasri wala kanisa. Ni saa. Hata majengo yanasimulia: nyumba zimepangwa safu ndefu, madirisha yamebanana, maana fundi saa anahitaji mwanga kuliko kitu kingine. Zamani, theluji ikiwafungia ndani, wakulima wa huku walikaa dirishani wakichonga vipuri vya saa.

Wanaokusanya saa za zamani za michezo huja na hamu yao mahususi. Wanakwenda kwenye kiwanda cha Zenith, kilichoanzishwa Le Locle na Georges Favre-Jacot mwaka 1865, ili wapande ngazi hadi kwenye chumba kimoja cha darini.

Saa wanazozipenda huitwa kronografu. Ni saa ya mkononi yenye vitufe viwili ubavuni. Bonyeza cha juu, mshale mrefu wa katikati unaanza kukimbia. Bonyeza tena, unasimama. Bonyeza cha chini, unarudi sifuri. Zilivaliwa na madereva wa mashindano, marubani na makocha wa riadha. Kwa miaka mingi zilitiwa ufunguo kwa mkono. Kisha Januari 10, 1969, Zenith ikatangaza El Primero, iliyojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji na kupiga mapigo 36,000 kwa saa moja, hivyo ikaweza kupima sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka huohuo washindani wa Uswisi na Japani nao walitoa za kwao, na wakusanyaji hawajaacha kubishana nani alitangulia.

Furaha haikudumu. Desemba 1969 Seiko ya Japani ilileta saa ya mkononi ya kwatzi, inayotumia betri na isiyokosea majira kirahisi. Bei za saa za aina hiyo ziliposhuka, viwanda vya Uswisi vikaanza kufungwa na maelfu wakakosa kazi. Wakati huo Zenith ilimilikiwa na kampuni ya redio na televisheni ya Chicago, Marekani, yenye jina lilelile. Mwaka 1975 amri ikaja: utengenezaji wa saa za springi ukome, na mashine ziuzwe kama vyuma chakavu.

Charles Vermot, msimamizi wa karakana, aliandika barua kuwasihi wakubwa. Hawakumsikiliza. Akaanza kazi ya siri. Kidogo kidogo alipandisha darini vifaa vya kutengenezea El Primero: mashine za kukatia vyuma, vikato, michoro. Kila kimoja alikiwekea lebo, na hatua za kazi akaziandika zote. Angekamatwa, huenda angefukuzwa, na katika mji ule, miaka ile, kupata kazi nyingine ya saa lilikuwa jambo gumu. Wala hakuwa na hakika kwamba kuna mtu angekuja kuvihitaji.

Vilikaa huko karibu miaka tisa. Kufikia 1984 kiwanda kilikuwa kimerudi mikononi mwa Waswisi, na soko la saa za springi likaanza kufufuka. Kuunda vifaa vile upya kungegharimu fedha nyingi mno. Vermot akawaonyesha alikovificha. Mwaka 1988 Rolex ikatoa Daytona ya kujijaza yenyewe, na mashine iliyokuwa ndani yake ilikuwa El Primero iliyofanyiwa marekebisho. Ilitumika hadi mwaka 2000, na leo Daytona za kipindi hicho zina wawindaji wake.

Wengine huwinda El Primero za mwanzo kabisa, hasa ile iitwayo A386, yenye viduara vitatu vya rangi tofauti usoni. Hapa mwenye saa ya babu kabatini atege sikio. Mkusanyaji hupenda saa ambayo haijaguswa: uso wa asili hata kama umefifia, mikwaruzo yake, vitufe vyake. Fundi anayeing'arisha ikawa kama mpya, au kuipaka uso rangi upya, anaweza kuipunguzia thamani badala ya kuiongeza. Kuisafisha ndani na kuitia mafuta ni jambo jingine, hilo linahitajika.

Chumba cha darini kimehifadhiwa, vifaa vikiwa kwenye rafu. Kiwandani huingii hivihivi; ziara huwekewa miadi mapema. Atakayekosa nafasi asijute sana, kwani juu ya mji, katika jumba la Château des Monts, kuna makumbusho ya saa.