Maoni ya Mgeni

Siku hiyo nilisaini vitabu kumi na vinne. Najua idadi kwa sababu nilipofika cha tano nilianza kukasirika, na mimi nikikasirika huwa nahesabu.

Nilipanga kulala Lindi usiku mmoja tu, kesho yake niendelee na safari ya Mtwara. Basi liliondoka Dar es Salaam alfajiri, Daraja la Mkapa nililivuka nikiwa usingizini, na jioni nilikuwa kwa binamu yangu nakula wali wa nazi na pweza. Binamu ndiye aliyeniharibia ratiba. "Yaani umekuja tarehe 6 Agosti halafu unataka kupita?" akaniuliza. "Watu wanatoka Newala na Liwale kuja Ngongo, wewe unalala hapa hapa mjini unataka kwenda zako!" Nikaona haya, nikakubali.

Maonesho ya Nane Nane ya Ngongo ni ya Kanda ya Kusini, yaani Lindi na Mtwara, na haina ukubwa wa ile ya Mbeya wala Morogoro. Ukiamka mapema unaweza kuuzunguka uwanja wote kabla ya adhuhuri, ila kwa sharti kwamba hakuna anayekusimamisha. Nami kila hatua kumi nilisimamishwa. Nilikuwa nimekwenda kutazama ng'ombe. Tangu utotoni, maonesho kwangu maana yake ni fahali mwenye nundu, mbuzi aliyeogeshwa kwa sabuni, na muhogo mrefu kuliko mtoto anayepigwa nao picha. Lakini njia ya kwenda kwenye mifugo inapita katikati ya mabanda ya ofisi, na kila banda lina vijana wawili waliovaa fulana za rangi moja. Mmoja anakukaribisha. Wa pili ameshika kitabu cha wageni.

Mtu aliyepita maonesho yoyote ya nchi hii anakijua kitabu hicho. Namba, tarehe, jina, unakotoka, simu, maoni, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, kama mbuzi. Unaanza kuandika kabla hujaelezwa lolote, kwa hiyo safu ya maoni unaijaza ukiwa huna maoni. Unafanya nini? Unatazama aliyetangulia. Ameandika "Nzuri sana." Aliye juu yake, "Nzuri sana." Juu zaidi kuna mbunifu mmoja aliyeandika "Hongereni, kazi nzuri," halafu waliomfuata wote wakaandika "Hongereni, kazi nzuri," mpaka mmoja akachoka akarudi kwenye "Nzuri sana." Katika banda la sita nilimuuliza kijana maoni haya yanakwenda wapi. "Makao makuu," akasema. Wanayafanyia nini? Akacheka kwa adabu, akanipa kalenda ya mwaka ambao ulikuwa umebaki karibu miezi mitano.

Banda moja lilikuwa na picha ya dinosaria, yule mjusi wa Tendaguru, nikasimama kwa hiari yangu. Mifupa yake ilichimbwa huku Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi mpaka bandarini, na sasa amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Nilitaka kuuliza mambo mawili matatu. Nikapewa kalamu. Nikaandika "Arudi," nikasaini, nikatoka.

Kwa hiyo nilipofika pembezoni mwa uwanja, kwenye vibanda vya makuti vya vikundi vya wajasiriamali, na bibi mmoja mwenye kanga mbili akanionyesha daftari kwa kidevu kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, nilikuwa nimeshafika mwisho wa uvumilivu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikainama, nikaandika jina, nikaandika "Nzuri sana."

"Umeandika nini?"

Nikamwambia.

"Nzuri ipi? Umeonja?"

"Bado, bibi."

"Sasa uzuri umeuona wapi?" Akaacha kazi. "Mwanangu, mimi kusoma sijui. Usiku mjukuu wangu ananisomea hili daftari lote. Jana kasoma nzuri sana, nzuri sana, mpaka nikamwambia lala. Futa hiyo. Kaa hapo, utaandika ukiwa na la kuandika."

Nilikaa. Sijui kwa nini nilitii. Nadhani ni kwa sababu tangu asubuhi huyu ndiye alikuwa mtu wa kwanza aliyetaka kujua nilichoandika.

Kazi yake ilikuwa korosho. Si za msimu huu, maana Agosti mikorosho ndiyo kwanza inachanua. Hizi walizitunza tangu mavuno yaliyopita kwa ajili ya maonesho. Mbele yake palikuwa na mafiga matatu na karai kuukuu lililotobolewa matundu. Alimwaga korosho zikiwa na maganda yake, akazigeuza kwa fimbo ndefu. Mwanzo hakuna kitu. Halafu ganda linaanza kutoa jasho, linang'aa, na ghafla mafuta yanashika moto, karai zima linawaka kama limemwagiwa petroli. Moshi wake si moshi wa kuni. Unang'ata macho na koo, na upepo wa kusi ulikuwa unauleta moja kwa moja kwa wateja, nikiwemo mimi. Bibi akalipindua karai juu ya mchanga, akazifukia korosho kwa mguu wenye kandambili ili moto ufe na mchanga unywe mafuta.

"Paka majivu mikononi," akaniambia, "yale mafuta yanaunguza ngozi." Akanipa jiwe bapa na kipande cha mti.

Nilivunja ya kwanza ikawa unga. Ya pili ikaruka ikaenda kwenye banda la jirani. Kumbe huipigi ubavuni. Unaisimamisha kwa upande wake mwembamba, unaigonga mara moja, si kwa nguvu bali kwa uhakika, ganda linafunguka na punje inatoka nzima ikiwa bado na ngozi yake ya kahawia. Yeye alikuwa anabangua huku ananitazama mimi, hatazami mkono. Katika ishirini zangu, nzima zilitoka nne. Alizihesabu kwa sauti. "Vipande tunauza nusu bei," akasema, "kwa hiyo wewe ukiwa kwenye kikundi chetu tunafunga."

Tulikaa hivyo karibu saa mbili, mikono imekuwa myeusi, akinieleza mambo ambayo katika mabanda kumi na manne hakuna aliyenieleza. Kwamba huu ndio wakati wa salfa, na unapuliza alfajiri umande ungalipo na upepo haujaamka, la sivyo unga wote unakwenda kwa jirani na ugonjwa wa ubwiriunga unabaki kwako, maua yanakuwa meupe kisha yanakauka. Kwamba njaa ya mwezi huu ndiyo inayowaleta watu wa kangomba: una mtoto anatakiwa shule, korosho ingali ua mtini, anakuja mtu na kopo lake na fedha mkononi. "Kopo lake linashiba kuliko kilo," akasema, "na bei yake ina njaa kuliko kilo." Yeye aliwahi kuuza hivyo? Akanigeukia. "Wewe unafikiri kopo nimeliona wapi?" Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Ng'ombe niliwaona kwa dakika kumi jua likizama. Fahali alikuwepo, na nundu yake. Nitaishia hapo, maana mawazo yangu hayakuwa kwake.

Kabla ya kwenda kwa ng'ombe nilikuwa nimeshaandika. Nilinunua pakiti mbili, nikala moja pale pale, nikafuta "Nzuri sana," nikajaza safu ya maoni mpaka ikamwagikia kwenye safu ya sahihi: "Korosho tamu, zimeiva sawasawa mpaka ndani. Chumvi imezidi. Moshi unawafukuza wateja. Upepo unatoka kusini, lihamishieni jiko upande wa pili wa kibanda." Nilikuwa nimeandika kwa kalamu ambayo haikufungwa popote.

Siku hiyo hiyo, tarehe 7, nilitakiwa kuwa Mtwara. Nilipiga simu, nikasingizia basi. Tarehe 8, siku ya kilele, watu walijaa kuja kusikiliza hotuba za wakubwa, nami nikapenya nikaenda zangu pembezoni.

Jiko lilikuwa limehamishwa. Hewa kibandani ilikuwa safi, wateja wamesimama wananunua bila kufuta macho. Moshi wote, mzito, wa mafuta, ulikuwa unapanda kwa utulivu na kuingia dirishani kwenye banda la ofisi iliyokuwa nyuma yake. Vijana wawili wenye fulana za rangi moja walikuwa nje wanakohoa, na mmoja alikuwa anajipepea usoni kwa kitabu cha wageni.

Bibi aliniona kwa mbali. "Ndiye huyu!" akamwambia binti wa miaka kama kumi aliyekuwa anamenya ngozi za korosho. "Ndiye aliyeandika."

Binti akanitazama kuanzia viatu. "Mwandiko wako mbaya," akasema.

Nikanunua pakiti, nikaonja. Bibi akanisubiri nimeze.

"Ya moshi umesema kweli," akaniambia. "Chumvi sipunguzi."