Tulipopanda Kitonga kwa Pikipiki

Akina mama wenzetu, wengi wenu mkisikia neno pikipiki mnashika kifua. Nasi ni hivyo hivyo. Katika kazi ya uuguzi tumehudumia miguu mingi iliyovunjika barabarani, na kila baba watoto alipoondoka asubuhi tulimwombea mpaka mlio ukapotea. Ameendesha tangu ujana wake, kwanza Honda ndogo, kisha Yamaha ya kazini. Lakini ndoto yake ilikuwa BMW R 80 G/S, pikipiki ya safari ndefu iliyoanza kuuzwa 1980. Aliipata kwa mkono wa pili, kwa fedha tulizoweka za bati za jiko. Tulinuna wiki mbili.

Mwezi wa saba tulikubali kukaa nyuma, kutoka Morogoro hadi Iringa, kama kilomita 300, kwenda harusini. Tulivaa suruali na kofia ngumu, tukasali, tukaondoka.

Pikipiki hii haina mnyororo. Nguvu ya injini hufika gurudumu la nyuma kwa shafti. Silinda zake mbili zimetokeza pembeni, moja kila upande. Baba watoto alitueleza hayo yote tukiwa tumekwisha kuyajua.

Ukiwa ndani ya basi, mbuga ya Mikumi unaiona dirishani tu. Juu ya pikipiki unasikia hata harufu ya nyasi. Tulipita kibao cha faini za kugonga wanyama, kisha tukasimama mbali, nyuma ya lori, tembo wakivuka bila haraka. Hatukupumua sawasawa mpaka wa mwisho alipoingia porini.

Ruaha Mbuyuni kuna joto, mibuyu na vitunguu kando ya barabara. Tuliposimama kununua, mguu wa baba watoto uliteleza kwenye kokoto. Pikipiki ina zaidi ya kilo 180 bila mizigo. Ikalala polepole, nasi juu yake. Tulichubuka viganja tu. Vijana wa vitunguu walituinua, kisha wakaiinua.

Alikaa kimya juu ya jiwe. "Mama, magoti haya si yale tena," akasema. "Labda tuiuze."

Miaka yote tuliomba tusikie neno hilo. Tulipolisikia, tukamtazama alivyoinamisha kichwa, tukajikuta tunasema, "Kwanza tufike Iringa."

Mlima Kitonga aliupanda nyuma ya malori yaliyokuwa yakikoroma, bonde likiwa chini yetu, asipite hata moja. Zamani angeyapita yote. Huko juu baridi ya Iringa ilitupiga usoni, ila joto la injini lilifika miguuni, na kusema kweli lilikuwa tamu.

Tumekubaliana usiku hatusafiri, na kabla ya kuondoka tunapima presha, yake na yetu. Kuiuza bado hatujaamua. Bati tumenunua nusu.