Barabara Chini, Bustani Juu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawapeleka mbali kidogo, mpaka Wellington, mji mkuu wa New Zealand. Msiwe na wasiwasi, nauli ni kusoma tu.

Pale Wellington kuna kilima kinaitwa Pukeahu. Tangu mwaka 1932 pamesimama mnara wa kengele wa kuwakumbuka waliokufa vitani. Shida ilikuwa moja: barabara kuu ilipita mbele yake. Sasa utamkumbuka vipi ndugu yako kwa utulivu, malori yakinguruma mgongoni?

Mwaka 2012 serikali yao ikaamua: barabara ishuke chini, watu wabaki juu. Hawakutoboa kama panya. Walichimba mtaro mpana, wakasimamisha kuta za zege (kwetu tunasema beto), wakafunika kwa paa la zege, halafu juu ya paa wakatengeneza bustani. Mliofyatua matofali mnajua udongo uliolowa mvua ulivyo mzito. Tena Wellington ni mji wa matetemeko. Kwa hiyo paa la namna ile si mchezo. Saruji, mchanga, kokoto na maji peke yake havitoshi, maana zege linavumilia kugandamizwa lakini likivutwa linapasuka. Nondo zilizo ndani ndizo zinalishika.

Njiani kulikuwa na nyumba ya mwaka 1914, ambamo masista walilea watoto wa wazazi waliokwenda kazini. Hawakuibomoa. Waliisogeza nzima nzima kama mita 15!

Handaki lilifunguliwa Septemba 2014, na bustani Aprili 2015, siku chache kabla ya kutimia miaka 100 tangu askari wao waliposhuka Gallipoli, Uturuki. Handaki hilo linaitwa Arras, jina la mji wa Ufaransa. Huko, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wachimbaji wa New Zealand waliunganisha machimbo ya zamani chini ya ardhi, na mwaka 1917 maelfu ya askari wakajificha humo. Machimbo hayo waliyapa majina ya miji ya kwao, na moja linaitwa Wellington hadi leo. Basi Arras iko Wellington, na Wellington iko Arras. Mtu akienda mbali hubeba jina la kwao, hata sisi hapa kambini tunafanya hivyo.

Lakini kilichotugusa zaidi ni kaburi lililopo pale pale penye mnara. Amelala askari mmoja asiyejulikana jina, aliyefia Ufaransa na kurudishwa nyumbani mwaka 2004. Analala kwa niaba ya wote waliobaki mbali.

Tulipowasomea watoto wa darasa la tano, mmoja akauliza: "Mwalimu, na wetu waliobaki njiani?" Darasa zima likanyamaza, na sisi pia.

Wenzetu wana kaburi bila jina. Sisi tuna majina bila kaburi. Zege hatuna, na ardhi hii tumeazimwa tu. Ila daftari lipo. Kila Ijumaa baada ya masomo tutakaa chini ya mwembe wa shule. Njoo utaje jina la mtu wako, kijiji chake, na jambo moja alilopenda. Tutaandika. Asiyejua kuandika asione haya, watoto wake watamwandikia.