Chupa Tupu kutoka Magamba

Mwishoni mwa Juni, jua halijatoka, nilikuwa nimesimama kwenye diko la Sahare, Tanga, suruali nimeikunja hadi magotini. Maji yalikuwa vuguvugu na mchanga ulikuwa baridi. Jana yake saa nane mchana, pale pale, mambo yalikuwa kinyume: mchanga uliniunguza nyayo hadi nikarukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa, nikakimbilia majini kupoza miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatafuta samaki au unatafuta mafua?"

Nikamweleza kwamba naelekea Amani, halafu Lushoto, halafu Same, na kwamba nimekuja kuuliza habari za upepo kabla sijaondoka. Mzee alikuwa anashona jarife lake, hata kichwa hakuinua.

"Umande ndio huo unaokupiga mgongoni. Waliotoka usiku wametoka nao. Ukifika saa nne hivi utalala, kisha wa baharini utaingia, nao watarudi nao. Mafuta bei ghali, bwana."

Umande kwa wavuvi wetu si ule wa kwenye majani peke yake. Ni upepo wa usiku utokao bara kwenda baharini, na chanzo chake ni mchanga ule ule ulioniunguza. Kilo moja ya maji, ili ipande joto kwa nyuzi moja, inahitaji moto mara tano hivi ya ule unaotosha kilo moja ya mchanga. Tena mwanga wa jua huzama majini mita kadhaa na mawimbi huyakoroga maji, joto likatawanyika. Mchangani joto lote hubaki juu juu. Ndiyo maana nchi kavu hupata moto upesi na kupoa upesi. Mchana hewa ya bara huwa nyepesi, ikapanda, ya baharini ikaja kujaza nafasi. Usiku zamu inageuka.

Sasa weka bara zima la Asia mahali pa ufukwe wa Sahare, na badala ya usiku na mchana weka miezi sita kwa sita. Unapata kaskazi na kusi. Mwaka 1686 Mwingereza Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alitoa ramani ya pepo hizi na kuandika kuwa jua ndilo linaloziendesha. Wakati huo manahodha wa Omani na wa pwani yetu walikuwa wameshazitumia kwa karne nyingi, wakija huku na kaskazi na kwenda Omani na kusi, bila ramani ya Halley.

"Mwezi huu kusi limeshika," mzee alisema, "lakini mvua yake si yetu. Linapita tu."

Na kweli linapita. Likivuka Ikweta, mzunguko wa dunia hulipinda kulia, likakatiza bahari ya Arabuni na kwenda kuinyeshea India. Sisi tunaachiwa mchoo, mvua ya kipupwe inayokunyeshea ukiwa nusu ya njia kwenda dukani na kukatika ukifika. Mvua zetu kubwa hufuata jua. Tanga huwa na jua la utosi mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na ukanda wa mvua hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Ndiyo masika na vuli.

Nilikuwa na kipimajoto cha bei rahisi nilichonunua mjini. Saa tano asubuhi, kivulini, kilisoma 26. Nikaandika kiganjani kwa kalamu, nikapanda gari.

Muheza ilikuwa kavu na ina harufu ya machungwa. Gari la Amani lilianza kupanda mlima vizuri, na kwa saa nzima nililisifu. Kisha tukakuta tope. Si tope la kuogopesha: tope jekundu, laini kama siagi, katika kona yenye majani ya chai huku na huku. Tairi likazunguka bila kwenda. Konda akatuambia tushuke tusukume, na aliyevaa viatu vyeupe siku ile simtaji, ila navijua viatu hivyo mpaka leo rangi yake haijarudi.

Tulikuwa tumetoka kwenye vumbi muda mfupi tu uliopita. Hapa kila kitu kilikuwa kinadondosha maji: majani, nyaya za simu, ukingo wa kofia ya dereva. Wala haikuwa ikinyesha. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, upande wa Tanga, ukigusa miti na kuacha maji yake juu ya majani.

Amani iko kwenye mita 900 hivi, na kutoka baharini hadi milima hii ya Usambara Mashariki ni nchi ya chini tu, hakuna kizuizi cha maana. Upepo umekuja na mvuke wa bahari nzima, unakuta ukuta. Njia iliyobaki ni kupanda. Ukipanda, hewa ya juu yake inapungua uzito, kwa hiyo nao unatanuka, na hewa inayotanuka hupoa: nyuzi moja kwa kila mita mia. Hewa iliyopoa haiwezi tena kubeba mvuke wote iliotoka nao pwani. Ni kama soda iliyotoka kwenye friji, inayotoa jasho juu ya meza. Jasho lile halikutoka ndani ya chupa, lilikuwa hewani likingoja ubaridi. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea hapa mwaka 1902, na sidhani walichagua kwa sababu ya mandhari. Amani hupata kama milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Nililala usiku mmoja, nikaondoka soksi zikiwa hazijakauka.

Kutoka Muheza nilipita Segera na Korogwe, na hapo jirani yangu kwenye basi akawa mama muuza mitumba aliyekuwa na mabelo mawili chini ya gari. Alipoona nasoma kipimajoto kila kituo akaniuliza kama mimi ni bwana afya. Nikamwambia nachunguza hali ya hewa.

"Ungeniuliza mimi, kaka. Belo la masweta nashusha Lushoto. Same nikipeleka sweta nitalala nalo njaa. Same ni vitenge na mashati mepesi."

"Na Lushoto huuza kila siku?"

"Wee! Jua likiwaka siku tatu mfululizo, hata koti la ngozi hawaliangalii. Namuomba Mungu ukungu."

Nimesoma maelezo mengi ya tofauti kati ya tabianchi na hali ya hewa, na mengi yanachosha. Mama huyu anaagiza belo kwa tabianchi na kuuza kwa hali ya hewa. Anajua la kwanza kwa miaka yake ishirini ya biashara. La pili anaamka nalo.

Kutoka Mombo barabara inageuka ukuta. Gari linapanda kwa kona zisizokwisha, Mto Soni ukinguruma upande mmoja. Karibu na Soni mtoto aliyekuwa kiti cha mbele akapiga kelele: pakiti yake ya kripsi imevimba! Kweli, ilikuwa imetuna kama mto wa kulalia. Mama yake akadhani imeharibika, akataka kuitupa. Nikamsihi asiitupe. Hewa ndani ya pakiti ilifungwa bondeni, na sasa ya nje imepungua nguvu ya kuibana. Pakiti ilikuwa inafanya kile kile ambacho upepo wa Tanga ulifanya ulipopanda Amani, isipokuwa upepo hauna nailoni ya kuuzuia.

Si mbali na Soni iko Vuga, makao makuu ya kale ya Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa. Wasambaa walimhesabu mfalme kuwa ndiye mwenye mvua, na walikuwa na maneno mawili kwa kazi yake: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu alileta mvua. Ugomvi wa kugombea ufalme ulileta ukame. Kisayansi sina la kuwatetea, ila nimeona wakuu wa siku hizi wasiodaiwa hata nusu ya hapo.

Magamba, juu ya Lushoto, kipimajoto kilisoma 14. Msituni miti imefuga ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, zikinywa ukungu. Nilisimama pale nikanywa maji ya chupa hadi tone la mwisho, nikaacha chupa wazi kidogo ijae hewa ya pale, kisha nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote na kuitia mkobani. Kijana aliyenibeba kwa bodaboda aliniangalia kwa huruma.

Tukaendelea hadi Mtae. Kijiji kimekaa kwenye ukingo wa mlima, mpaka unajiuliza watoto wanacheza vipi mpira. Upande tuliotokea ni kijani: mahindi, migomba, kabichi. Upande wa pili ardhi inakatika ghafla na macho yanaanguka hadi uwanda wa Mkomazi, rangi ya ngozi ya simba, hadi milima ya Upare. Wasambaa hawakuhitaji ramani ya mvua. Huku juu ni Shambaai, kwao. Kule chini ni nyika. Lugha yao iliutaja mpaka huo kabla ya kipimamvua kuletwa.

Nilikaa kwenye jiwe karibu saa mbili nikiangalia jambo moja tu. Wingu lilikuja kutoka nyuma yangu, likafika ukingoni, likaanza kumwagika upande wa nyika kama maziwa yanayofurika sufuria. Likashuka kidogo, likawa jembamba, likawa nyuzinyuzi, likaisha. Lingine likaja, likaishia pale pale. Hakuna hata moja lililofika chini.

"Yanaenda wapi?" nikamuuliza kijana wangu.

"Hayaendi, mjomba. Yanakufa hapo."

Kwa nini yanafia pale, jibu lilikuwa mkobani. Tulirudi Lushoto, na kesho yake nikateremka Mombo. Kwenye kona za chini nilisikia kitu kikilia "kwach" ndani ya mkoba. Nilipoitoa chupa ilikuwa imebonyea mbavu zote mbili, kana kwamba kuna mtu aliyeikalia. Hewa ya Magamba, iliyojaza chupa kule juu, haikutosha tena huku chini ambako hewa ni nzito zaidi.

Yeyote aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto. Hewa ikibanwa hupata moto. Upepo unaoshuka mlima nao unabanwa hivyo hivyo, unapata nyuzi moja kwa kila mita mia, na ukipata joto matone ya wingu hurudi kuwa mvuke usioonekana. Tufanye hesabu ya kwenye kiganja changu. Hewa inatoka Tanga ikiwa 26. Tuseme wingu linaanza kwenye mita 600: hapo imefika 20. Kutoka hapo inapoa polepole, kama nusu nyuzi kwa mita mia, kwa sababu mvuke unaogeuka maji huachia joto lake. Kufikia mita 1,800 ni 14. Maji yake mengi imeyaacha mlimani. Inashuka hadi uwanda wa mita 400, na safari hii haina wingu la kuipunguzia mwendo: inafika ikiwa 28. Ilipanda na mvua, ikashuka na ukavu, tena ina joto kuliko ilivyotoka baharini. Stendi ya Mombo kipimajoto kilisoma 29. Nyuzi moja ya ziada naliachia jua.

Hata hivyo pale Mombo, katikati ya ukavu, niliona mpunga. Mashamba yake hunyweshwa na Mto Soni, ule ule uliokuwa ukinguruma kando ya gari letu. Upepo ulioinyima nyika mvua umeipelekea maji kwa mlango wa nyuma, mradi msitu wa juu ubaki umesimama.

Same nilifika alasiri, upepo ukirusha vumbi na mifuko. Mji huu hupata milimita 500 na ushei kwa mwaka, robo na kidogo tu ya zile za Amani, na ukiweka rula kwenye ramani kutoka Tanga hadi hapa hazifiki kilomita 200. Dereva wa bodaboda alinyoosha kidole kwenye milima ya Upare, upande wa mashariki, ambako wingu zito lilikuwa limekaa juu ya vilele.

"Sisi mvua tunaiona tu. Inanyesha kule."

Iko miaka ambayo hata Same hulowa. Vuli ya 2019 maji ya bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, ya upande wa Indonesia yakapoa, na mvua ikaifuata bahari yenye joto. Afrika Mashariki ikafurika. Vuli ya 1961, ile ile Tanganyika iliyopatia uhuru, bahari ilifanya hivyo hivyo, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Milima haisogei, lakini mzigo unaoletwa na upepo hupimwa baharini, na baharini mizani hubadilika.

Nilirudi Tanga na chupa yangu bila kuifungua. Pale Sahare nilimpa yule mzee, akaigeuzageuza. Nikamwomba afungue kifuniko. Ikavuta pumzi, ikanyooka mikononi mwake. Akaifunga tena, akaniuliza kama ninayo nyingine: ni nzuri kwa boya la jarife.

Nawe ukienda Lushoto, kunywa maji yako Magamba, funga chupa tupu, usiifungue hadi ufike Mombo. Na tafadhali usiitupe dirishani.