Kivuli Nacho ni Lishe: Safari Toka Shinyanga Hata Geita

Ndugu msomaji, twende pamoja safari ya jua kali. Tutaanzia Shinyanga, tupite Tinde, Isaka na Kahama, tufike Geita kwenye dhahabu. Mwezi ni Oktoba, kabla ya mvua. Udongo mweusi wa mbugani umepasuka nyufa za kuingiza mkono, malambo yamebaki tope, na upepo wa mchana ni wa moto. Ukifika kijijini saa nane usiulize ng'ombe wako wapi. Tafuta mti tu. Wako chini yake.

Waangalie vizuri. Wale wa asili, wafupi wenye nundu na ngozi iliyolegea shingoni, wamesimama kimya wakicheua. Hao ni wenyeji wa jua hili. Lakini siku hizi utakuta pia ng'ombe chotara mwenye damu ya Friesian, aliyenunuliwa kwa ajili ya maziwa. Asili yake ni Ulaya penye baridi. Joto la hewa likipita nyuzi 25 huanza kutaabika, na huku Oktoba hupita 30. Tazama ubavu wake, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Zikizidi 60, joto limemshinda.

Yafaa kujua sababu. Majani yanayochachuka tumboni mwa ng'ombe hutoa joto, sawasawa na kuni jikoni. Mnyama akishindwa kulitoa joto hilo nje, hupunguza kuni, yaani huacha kula. Asipokula, maziwa hupungua. Na jua likizidi kumchoma, hapati mimba kwa wakati wake. Basi familia iliyouza mpunga wa miaka miwili ili kununua mtamba mmoja yaona ndoo inarudi nusu, na ada ya shule haipatikani. Wengine hunong'ona kuwa kuna jirani amewaroga. Ndugu zangu, tusimtie jirani doa bure, wala tusivunje ujirani kwa uvumi. Mara nyingi mchawi mwenyewe ni jua na bati.

Wengi wapitao hapa hudhani Shinyanga iliumbwa bila miti. Sivyo. Miaka 100 iliyopita sehemu kubwa ilikuwa pori, na ndani yake mbung'o walioua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza, kwa uongozi wa Bwana Charles Swynnerton, ilikusanya watu kufyeka na kuchoma pori ili mbung'o wakose mahali pa kuishi. Dawa ilifaa: mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka. Lakini kivuli kilichoondoka hakikuwa cha mbung'o peke yao. Baadaye yakafuata mashamba ya pamba, kuni, mkaa, na mifugo iliyozidi majani. Nchi ikabaki wazi, hata Mwalimu Nyerere akauita mkoa huu Jangwa la Tanzania.

Hata hivyo dawa nyingine ilikuwapo nyumbani. Wasukuma wana desturi ya zamani iitwayo ngitili. Mvua zikianza, kipande cha malisho hufungwa, ng'ombe wasikanyage. Kiangazi kikikolea, hufunguliwa kidogo kidogo kwa ndama, kwa wagonjwa na kwa maksai wa kulima. Akiba haiozi. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa nyuma bila mwenyewe. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ndio HASHI. Miche ilipandwa, naam, lakini kilichofaa zaidi kilikuwa kuzirudisha ngitili. Kisiki kilichosalia ardhini, kikilindwa na shoka na mbuzi, huchipua chenyewe. Wanakijiji waliweka mipaka, na baraza la jadi, dagashida, likawatoza faini waliovunja amri. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerudishiwa majani na miti katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo uonapo leo mgunga na ng'ombe kumi chini yake, kumbuka: vyaelea, vimeundwa.

Sasa tumefika Kahama, mji uliokua upesi kwa biashara ya mchele na migodi. Nyuma ya nyumba nyingi pana banda la ng'ombe wa maziwa. Tusimame tulitazame, maana si kila paa ni kivuli. Bati lililo karibu na mgongo wa ng'ombe ni tanuri.

Kwanza, mgongo wa paa uelekee mashariki na magharibi, jua lipite juu yake lisiingie ubavuni. Pili, paa liwe juu: ukingo wake wa chini mtu mrefu asiuguse hata akinyosha mkono, na kileleni uachwe upenyo wa hewa ya moto kutoka. Tatu, ukuta usizidi kiuno; fito zatosha. Nne, nyasi ni bora kuliko bati; mwenye bati aezeke nyasi juu yake, au aweke dari ya matete chini yake. Tano, maji yawe kivulini mchana na usiku, maana katika joto ng'ombe wa maziwa aweza kunywa hata lita 100 kwa siku. Sita, mabua na majani makavu yawekwe horini jioni na alfajiri, moto wa tumbo uwake wakati wa ubaridi. Akizidiwa, mmwagie maji mgongoni mahali penye upepo. Usifanye hivyo ndani ya banda lililozibwa, mvuke utamwongezea taabu. Na pumzi zisipotulia, mwite Bwana Mifugo.

Toka Kahama twashika njia ya Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu, hata Geita. Nchi yabadilika: vilima, majani mabichi, mvua nyingi kuliko Shinyanga. Dhahabu ilichimbwa huku toka miaka ya 1930 hata 1966, na mgodi mkubwa wa leo ulifunguliwa mwaka 2000. Wachimbaji wadogo nao ni wengi. Wote hao wanywa chai, na chai yataka maziwa. Kwa hiyo mfugaji wa Geita ana soko mlangoni.

Lakini mashimo ya wachimbaji yataka magogo ya kuyashikilia, na vyungu vya mjini vyataka mkaa. Miti inayokwenda huko ndiyo iliyokuwa ikimpoza ng'ombe anayeleta maziwa. Ng'ombe aliyekosa kivuli huhangaika kutafuta maji popote: huweza kutumbukia katika shimo lililoachwa wazi, au kunywa dimbwi la kuoshea mchanga wa dhahabu lenye zebaki, ambayo ni sumu. Mlinde kwa uzio, umletee maji safi. Wengi huku husema, “Pori letu haliishi.” Hata Shinyanga kulikuwa na pori.

Sisi Wakristo twakumbushwa katika kitabu cha Kutoka kuwa siku ya mapumziko ni ya ng'ombe na punda pia, na Baba Mtakatifu Fransisko katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015 alituita tuutunze ulimwengu kama nyumba yetu sote. Kazi hiyo haingoji mradi wala mgeni. Jumuiya ndogo ndogo yaweza kukubaliana juu ya ngitili moja, na baba na mama waweza kuanza nyumbani.

Mvua za Novemba zi karibu. Chimba shimo leo upande wa magharibi wa banda, ambako jua la alasiri huchoma zaidi. Panda mwarobaini au mkwaju, uuzungushie miiba mbuzi wasiufikie, na mtoto mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kuumwagilia maji.