Saadani: Nani Anamgeuza Mzee Usiku?

Ukitoka Bagamoyo kuelekea kaskazini na kuvuka Mto Wami, nchi hubadilika. Majani marefu na mikoko huchukua nafasi ya mashamba, kisha huonekana mabwawa ya chumvi yakimeremeta kwa jua. Hapo ndipo Saadani, kijiji cha wavuvi kilichokumbatiwa na hifadhi ya taifa, ambayo ndiyo pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi na iliyopata hadhi hiyo mwaka 2005. Katika karne ya kumi na tisa palikuwa bandari ya misafara ikitazamana na Unguja, na mwaka 1889 Bwana Heri bin Juma alipigana hapa na Wajerumani. Siku hizi mgeni hushuka kwa ajili ya tembo, twiga na ufukwe.

Sisi tulishuka kwa ajili ya wazee. Vijana wengi wa vijiji vya pwani hii wamekwenda Bagamoyo, Tanga na Dar es Salaam kutafuta riziki, nasi tulitaka kujua wazazi waliobaki wanatunzwa vipi pindi miguu inapokataa kabisa.

Katika nyumba moja tulimkuta bibi aliyelala kitandani kwa miezi kadhaa. Tulipiga hodi, tukampa shikamoo, akatuitikia kwa sauti kavu na kutuombea dua kabla hatujaketi. Chumba kilikuwa kimefagiliwa na kanga zake zilikuwa safi. Uji ulikuwa tayari. Mjukuu wake, binti asiyezidi miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa akimhudumia, kwa mapenzi yasiyo na shaka. Lakini bibi alipojifunua upande mmoja mbele ya akina mama wa msafara wetu, waliona kidonda kwenye nyonga, kirefu kwenda chini. Kila jioni binti alikuwa akikisugua pembeni mwake kwa mafuta ya nazi, kwa nguvu, akiamini anamsaidia.

Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, hufa kimya kimya, na kwamba kuisugua ngozi iliyokwisha kuwa nyekundu huiumiza zaidi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Huwekewa mto chini ya miguu ili visigino visiguse kitanda. Huketishwa wima anapolishwa, naye hubaki hivyo kitambo baada ya kula, asije akapaliwa na chakula kikaingia mapafuni. Kidonda kilichokwisha fumuka ni cha kupelekwa kwa mganga wa zahanati. Bibi mwenyewe alitwambia kuwa mchana watu hawamwishi, bali usiku ndio mrefu. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kuamka kila saa mbili na asubuhi akaenda shule.

Kuna na suala la choo. Vyoo vingi vya vijijini viko nje, na hapa Saadani wanyama wa hifadhi hupita karibu na makazi. Mzee anayetoka gizani peke yake yumo hatarini kwa kuanguka kabla hata ya kumfikiria mnyama. Ndoo yenye mfuniko chumbani na taa ndogo si anasa.

Sisi Waislamu tumezoea kujisifu kuwa hatuwapeleki wazazi wetu katika makazi ya wazee. Surat Al-Israa, aya ya 23, imetukataza hata kuwaguniwa wazazi waliozeeka mikononi mwetu. Lakini ukuta wa nyumbani pekee hautoshi kuwa ushahidi wa matunzo mema, na ukuta wa makazi ya wazee si ushahidi wa kutelekezwa. Wapo wasio na mtoto wala jamaa. Kwa hao serikali ina makazi, Mwanzange kule Tanga na Nunge huko Kigamboni, na Saadani ipo kati ya hayo mawili. Ng'ambo ya bahari, Unguja kuna Sebleni na Welezo, na Pemba kuna Limbani. Zanzibar imekwenda mbele zaidi: tangu 2016 kila mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara tungali na msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo kuanzia miaka 60, jambo jema, ila halimfikii kirahisi asiyeweza kuinuka kitandani.

Anayempeleka mzee katika makazi yoyote, au anayekwenda kumtembelea huko, asiishie kutazama rangi ya ukuta. Aulize usiku wanabaki walezi wangapi. Aulize mwanamke anaogeshwa na nani, na sitara yake inalindwaje. Nani anashika dawa, na zinaandikwa wapi? Je, kitanda kimewekwa vipi ili aswali akiwa amelala, na kuna udongo safi wa kutayamamu? Atazame visigino na nyonga. Mlezi mzuri hatachukizwa na maswali haya. Kwa maoni yetu atafurahi kwamba mzee ana mtu.

Kwa bibi wa Saadani, akina mama wa jirani walikwisha anza kupangana zamu za usiku kabla hatujaaga, kila mmoja usiku wake, na binti akaachiwa zamu ya alasiri tu. Mmoja wao alikuwa na swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo: je, wale wa Mwanzange, wasio na jirani wa kugonga mlango, ni msikiti gani unaowatembelea? Barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga ikikamilika, safari ya kwenda kuwauliza wenyewe itakuwa fupi kuliko ilivyo leo.