Divai ya Mjomba Bado Inakaba

Hapa chuo ukitaja divai ya Dodoma watu wanafikiria ile tamu, ya kuchanganya na soda baridi Jumamosi baada ya bumu kuingia. Siwalaumu, bei ndiyo inaongea. Ila mwezi wa kumi mwaka jana nilionja nyingine kabisa nyumbani kwetu Bunju, na bado naifikiria.

Mjomba, kaka yake mama, ana ekari moja ya zabibu nyekundu Hombolo. Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu mwezi wa tatu, na tena wa nane kuingia wa tisa. Mavuno hayo ya pili mnunuzi alichelewa. Zabibu ikishaiva haimsubiri mtu: ndege wanakula, nyuki wanakula, iliyobaki inaoza. Mjomba akakanyaga sehemu ya mzigo, akaacha maji yachachuke pamoja na maganda siku kumi hivi, akakamua. Alipokuja Dar alituletea chupa tatu na swali moja.

"Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu. Niiuze Desemba hii, au niiache ikae?"

Nasoma ualimu wa Kemia na Biolojia. Divai haimo kwenye mtaala, lakini mjomba haambiwi hivyo. Tukaonja.

Rangi nzito, karibu nyeusi, inaacha doa kwenye glasi. Harufu ya zambarau mbivu. Mdomoni kwanza uchachu, halafu ukakasi, ule ule wa bibo: ulimi unakauka, fizi zinashikana. Mama alitema kabisa. "Kaka, hii si dawa ya minyoo?"

Lakini ukakasi ule ndio mali yenyewe. Ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu, na ipo pia kwenye chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani. Inashika protini za mate, ndiyo maana mdomo unakauka. Divai ikikaa miaka, tanini zinaungana zenyewe kwa zenyewe, nyingine zinashuka chini kama mashapo, na kinywaji kinalainika. Ile iliyo laini tangu siku ya kwanza huwa inachoka mapema.

Tulibakiza nusu chupa, nikaiacha mezani jikoni niipime. Kesho yake ukali ulikuwa umepungua. Siku ya tatu mama mwenyewe aliomba kidogo, akanyamaza, akaomba tena. Siku ya tano ikaanza kunuka siki. Hewa ilikuwa imeonyesha haraka haraka kile ambacho chupa iliyozibwa vizuri ingekifanya taratibu. Kwa hiyo jibu langu la darasani lilikuwa: iache ikae.

Sasa ikae wapi? Divai inataka giza na nyuzi kama 12 hadi 15, zisizopanda na kushuka. Chumbani kwangu chini ya bati, mwezi wa pili, joto linapita 30. Friji ya mama ni ya barafu za kuuza.

Na nani alipie hiyo miaka? Hili ndilo lililonikera zaidi. Kule Bordeaux, Ufaransa, kila mwaka karibu mwezi wa nne wafanyabiashara huonja divai ikiwa bado kwenye mapipa, ina miezi sita hivi, inakaba kama hii yetu. Wakiipenda wanalipa mapema, na chupa wanaletewa mwaka mmodi au miwili baadaye. Mwenye shamba hasubiri na njaa. Mnunuzi ndiye ananunua subira. Mjomba wangu zabibu zenyewe zilikosa mnunuzi kwa wiki mbili tu.

Nikampigia, nikamweleza vyote viwili: divai yako ina nguvu ya kukaa, na sioni pesa ya kuikalisha. Akacheka. Akasema mvua zikianza Desemba ukungu unaingia shambani, na dawa ya ukungu haikopeshwi. Aliiuza yote, sehemu kubwa kwenye harusi moja hapo kijijini, na waliokunywa waliichanganya na soda.

Chupa ya pili tuliinywa Krismasi. Ya tatu imelazwa sakafuni chini ya kitanda cha mama, imeviringishwa khanga mbichi, na mama anailowesha kila anapokumbuka.